Mwaka Ambao Mfalme Hakuuma Boga

Novemba 17

Mosidi amelamba ukuta sasa hivi. Nilikuwa nimempa mgongo, nafunika kuni zisilowe, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshaulainisha udongo. Akabandika ulimi wote pale, kisha akanigeukia na kidevu chekundu, akacheka kama mtu aliyegundua mahali tulipoficha chakula. Nimemfuta. Amerudi kulamba. Nimemwacha. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba yake niliulamba ukuta huu huu, upande wa ndani, mama mkwe asinione.

Karatasi hizi alinipa Bibi Mwalimu siku nilipoacha shule ya misheni kuja kuolewa. Alisema niandike mistari ya Biblia nisisahau herufi. Mistari ninayo kichwani. Naandika haya mengine kwa sababu sina wa kumwambia.

Mvua imekuja na hatuna ng'ombe wa kulimia. Ugonjwa wa sotoka umewamaliza wote, upepo ukigeuka bado tunasikia harufu yao kutoka bondeni. Maziwa hakuna, nyama hakuna, na ghala la mtama unaweza kulifagia kwa kiganja. Na juzi juzi mfalme wetu Marumo, ambaye ni baba mkwe wangu, ameweka alama yake kwenye karatasi ya Malkia wa Waingereza, na nchi hii ya Dithota si yake tena. Aliyemsomea karatasi hiyo ni mwanawe, Oteng, mume wangu, kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza. Hakimu wa Kizungu amemwajiri awe mkalimani.

Sikuona haya siku ya kuolewa kama ninavyoona siku hizi nikichota maji.

Novemba 18

Mvua. Nimelima kwa jembe mpaka viganja vimetoka malengelenge. Mosidi alilala kwenye mfereji wa shamba kama boga.

Novemba 26

Kisimani leo. Nilifika nikawakuta wanawake wamepanga mitungi, na Seabe, jirani yetu, yuko mbele. Seabe ana mdomo ambao hata mbwa wake anauogopa. Akapaza sauti:

"Wapisheni, wapisheni mke wa Ulimi! Mkichelewa atawasomea karatasi hapa, mitungi yenu iwe ya Malkia."

Wakacheka; Ulimi ndilo jina walilompa Oteng. Mwingine akadakia, "Shoga, hebu muulize mumeo, na hii mvua ni ya nani? Tusije tukalowa bila ruhusa."

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linalonichoma. Nilicheka kama vile anasemwa mtu wa mji mwingine. Mosidi mgongoni akaona wote tunacheka, naye akapiga makofi.

Nyumbani nikamuuliza Oteng, "Hukuweza hata kukohoa?"

"Kukohoa?"

"Ulipokuwa unamsomea Baba. Ungekohoa angejua kwamba karatasi ile ni mbaya."

Alichukua jembe langu akaenda shamba na nguo zake za kazi, akalima mpaka jua likazama. Nilimwona kwa mbali na sikumpelekea maji.

Desemba 8

Magunia yamekuja, kwa gari linalovutwa na nyumbu. Mahindi ya Malkia. Ndiyo yaliyoahidiwa kwenye karatasi, kwamba Dithota ikikubali kuwa chini yake watu watalishwa. Tulipanga foleni uwanjani tangu alfajiri. Askari wa Hakimu akaniita, "Wewe, mke wa mkalimani, njoo mbele." Nilikwenda. Nilipita mbele ya bibi vizee, mbele ya Seabe na watoto wake, nikatazama vidole vyangu vya miguu njia nzima.

Mahindi yana wadudu. Mfalme hakula hata punje. Fungu lake amelileta kwetu kwa mkono wa mama mkwe, ambaye aliliweka chini na kusema, "Mzee anasema ni la mtoto." Mosidi ana meno machache tu mbele, na mahindi haya hata ukiyachemsha mchana kutwa yanabaki magumu kama changarawe. Namtafunia mimi kwanza, kisha namtia mdomoni.

Nilidhani mfalme anakataa chakula cha Malkia kwa kiburi. Nikawaza moyoni: kiburi cha nini sasa, baada ya alama?

Desemba 9

Ugali unanuka gunia.

Desemba 25

Krismasi. Tumeimba kanisani. Maboga yametoa maua, shamba lote ni njano. Bibi Mwalimu alinibana shavu akasema nimekonda. Nikamwambia ni joto.

Januari 3

Mahindi ya Malkia yamekwisha. Hakimu anasema mengine yako njiani, lakini mto umefurika na magari yamekwama ng'ambo. Kila siku anasema mto utapungua. Tunakula majani ya mwituni na matunda ya vichakani, na vichaka vya karibu tumeshavimaliza.

Ila mashamba, jamani! Sijawahi kuona mwaka kama huu. Mvua inanyesha kama vile inatuomba radhi. Maharage yamepanda mpaka juu ya uzio. Kuna boga moja limejilaza mlangoni kwangu, jioni hii limefika kwenye goti la Mosidi.

Januari 11

Yameiva. Sasa tunamsubiri mfalme.

Kwetu hakuna anayekula mazao mapya kabla mfalme hajauma boga. Anauma yeye kwanza, kisha ndugu zake, kisha wakubwa wa kila nyumba kwa zamu zao, halafu wanaume, halafu wake zao, mpaka mtoto wa mwisho. Anayeuma kabla ya mkubwa wake anamfupishia maisha. Na mfalme ndiye mkubwa wa wote, kwa hiyo atakayemtangulia ni kama amemchimbia kaburi. Bibi Mwalimu alitufundisha misheni kwamba huo ni ujinga wa gizani, na mimi darasani nilikubali, niliinua na mkono. Lakini darasani hapakuwa na boga.

Kila asubuhi tunatega sikio tusikie pembe ya kuitana. Haijapigwa.

Januari 14

Pembe bado.

Januari 18

Leo Hakimu mwenyewe ameita baraza. Wanawake tulikaa nyuma ya uzio wa magogo, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kila neno.

Hakimu alikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Mfalme alikuwa ameketi chini, mavumbini, na kiti chake cha kifalme kiko tupu nyuma yake. Oteng akasimama katikati yao. Akasema, "Bwana Hakimu anauliza, chakula kimejaa mashambani, kwa nini watu wanashinda njaa?"

Mzee mmoja akajibu, "Mwambie tunamsubiri mwenye kuuma."

Wote wakamtazama mfalme. Akasema, bila kupaza sauti:

"Anayeuma boga ni mwenye nchi. Anaiambia nchi: mimi ni wako, na hawa ni wangu, tulishe. Mimi nchi nimeitoa. Niliitoa kwa kidole changu, mchana, mbele ya macho yenu. Leo niume nikiiambia nini? Mnajua wenyewe, mtu akiuma kisicho chake, mavuno yote yanaoza ghalani."

Oteng akamtafsiria Hakimu. Hakimu akafuta miwani yake, akasema Malkia hana haja na maboga yetu, mzee aume tu, yeye hamkatazi.

Sauti ikatoka nyuma ya wanaume: "Basi aume Malkia!"

"Aje na meno yake!" akaongeza mwingine. "Kama anayo!"

Baraza zima likaangua kicheko, na sisi nyuma ya uzio tukajishika mbavu. Hakimu akauliza wanacheka nini. Oteng akamjibu kwa Kiingereza, na mimi nilisikia, kwa kuwa Kiingereza kidogo ninacho. Alimwambia, "Wanamtakia Malkia afya njema."

Baadaye wakamgeukia Lekoko, mdogo wake mfalme. "Bwana Lekoko, basi uma wewe kwa niaba yake." Lekoko aliruka kama amekalia nge. "Mimi? Kaka yangu yuko hai, anapumua pale, mnataka nimzike?"

Mfalme akasema, "Nawaruhusu. Nendeni mkale. Kila mtu nyumbani kwake."

Hakuna aliyeinuka kwenda kula. Watu wa Dithota tunatii kila kitu isipokuwa ruhusa.

Nilirudi nimeinamisha kichwa. Wanawake walikuwa wanasema, maskini mzee, maskini. Mimi nilikuwa naona haya tu. Kuna wafalme wamekufa na mikuki mikononi. Wetu ameketi vumbini na kusema hana kitu, mbele ya watu, na jina lake hilo ndilo atakalolibeba mwanangu.

Januari 19

Maziwa yangu yanapungua. Nimekunywa maji mengi.

Januari 24

Mama yake Seabe amefariki leo asubuhi. Alikuwa mzee sana na njaa imemmaliza. Walikuwa wamemtoa nje apate jua, na amekufa amekaa, akiangalia shamba la mwanawe lenye maboga makubwa kama vyungu vya pombe. Nilikwenda kulia naye. Seabe hakuwa na neno hata moja la kunichoma. Alinikumbatia na nikasikia mifupa yake. Alininong'oneza, "Nilijipa moyo nimkatie kipande. Akafumba mdomo. Akasema, siwezi kumuua Marumo, nilimbeba akiwa mtoto."

Niliporudi nilichukua kisu. Naandika jinsi ilivyokuwa. Mosidi amelala, halii tena kama zamani, anatoa sauti ndogo tu kama mlango unaokwaruza. Nilitoka nikapiga goti mbele ya boga langu la mlangoni, nikaweka makali ya kisu pale shina linapoingilia. Nilipoinua macho nikamwona mfalme anapita njiani na fimbo yake, peke yake, anatoka kutazama msiba. Aliniona. Aliona kisu. Akageuza uso upande wa pili, pole pole, kama mtu anayetazama ndege, akasimama hivyo hivyo kunipa nafasi.

Sikuweza. Nilirudisha kisu ndani. Yeye akaendelea na safari yake, mimi nikaendelea na njaa ya mwanangu, na sijui nani kati yetu alimwonea mwenzake haya zaidi.

Januari 27

Oteng amesema leo. Tulikuwa tunachimba mizizi ya mwituni, na mimi nilikuwa mbele yake.

"Unadhani nilimdanganya Baba," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa mgongo wako tangu Novemba."

Nikageuka. Akaniambia, "Nilimsomea neno kwa neno. Akasema, rudia. Nikarudia. Palipoandikwa kwamba ufalme umekwisha nilikohoa, Mama Mosidi. Nilikohoa sana. Baba akaniambia, kunywa maji uendelee. Hakuuliza lolote juu ya ufalme. Aliuliza, magunia wameandika wapi? Nikamwonyesha mstari. Akaweka kidole chake chenye wino pale pale, juu ya neno la magunia, mpaka Hakimu akamshika mkono akasema hapana mzee, alama huwekwa chini."

Tuliendelea kuchimba. Baada ya kitambo nikampa kibuyu changu cha maji. Alikunywa huku amefumba macho. Miezi hii yote nimelala karibu na mtu huyu nikimhesabia kosa ambalo sikumuuliza.

Na mfalme alijua. Alijua kila kitu, akatia kidole kwa ajili ya mahindi, na mahindi yenyewe yakaja na wadudu.

Januari 29

Nimekwenda kwake. Mama mkwe alinizuia uani. "Mkwe haendi kwa baba mkwe na shida mkononi."

Nikamwambia, "Haiko mkononi, Mama. Iko mgongoni, na kila siku inazidi kuwa nyepesi."

Akamtazama Mosidi, akasogea.

Mfalme alikuwa kivulini mwa ghala tupu, anashona ngozi za mbweha, kazi ya wazee wote. Nilipiga magoti. Akanyoosha mikono, akampokea Mosidi, akampima hewani kama mtu anayepima mwanambuzi sokoni. Akamweka mapajani.

"Baba, uma boga," nikasema.

"Siwezi, mwanangu."

"Kwa ajili ya huyu."

"Kwa ajili ya huyu ndiyo siwezi. Nikiuma kwa uongo na chakula kikaoza ghalani, kiangazi atakula nini?"

"Basi waamuru watu waume."

"Nimewaambia. Hawataki kuniua." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unajua, nilipotia kidole nilijua watanichukia. Nilijiandaa kwa hilo. Wangenichukia, leo wangekuwa wameshiba."

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilisema, "Mimi nimekuonea haya, Baba. Tangu mwezi wa kumi na moja. Kisimani, kanisani, kila mahali."

Mama mkwe uani akaangusha kitu. Mfalme aliendelea kumtazama Mosidi, ambaye alikuwa amekamata uzi wa kushonea.

"Na mimi," akasema. "Basi tuko wawili. Kaa."

Nikakaa. Alifikiri muda mrefu, uzi mmoja ameubana kwa meno. Kisha akasema, "Huyu bado hajui zamu. Mtoto asiyejua zamu havunji zamu. Akiuma yeye kwanza, hajamtangulia mtu, ni sawa na ndege aliyedonoa. Wafuate watoto wengine, kisha vijana, kisha wakubwa, mimi nyuma ya wote. Nitauma kama anayelishwa, si kama anayelisha. Hapo sitakuwa nimeidanganya nchi."

"Na watu watakubali?"

"Wakiona ni mtoto tu, watakubali. Utambeba wewe?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kabla sijaogopa.

Njiani nilikuwa nafikiri: mimi nilidhani mtu huyu ameketi vumbini kwa sababu ameshindwa kusimama. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuketi ambapo hatamdanganya mtu.

Januari 31

Mpiga mbiu amepita. Keshokutwa. Watu wanamtazama Mosidi mgongoni kwangu kama wanavyotazama anga.

Februari 2

Nitaandika yote.

Pembe ilipigwa jua likiwa limepanda. Mji mzima ulikuwa uwanjani. Boga lilikuwa katikati, juu ya majani yake, na Lekoko akalipasua. Harufu yake ilitoka mbichi na tamu, na nikaona makoo ya watu yanapanda na kushuka. Hakimu hakuja. Oteng alisimama kati ya wanaume, hana wa kumtafsiria, hajui mikono aiweke wapi.

Mfalme akasema maneno yake, kwamba leo zamu inaanzia chini, anaanza asiyejua. Kisha akanipungia. Nilitoka mbele na Mosidi. Nilisikia minong'ono, lakini si ya hasira. Bibi mmoja akasema, "Ni kinda tu, halina kosa." Lekoko akakata kipande chembamba, akampa Mosidi mkononi.

Mosidi hakula. Nilikuwa nimesahau tabia yake. Akipewa kitu anampa mtu kwanza, nimemfundisha hivyo mwenyewe, ndiyo adabu. Alimtazama babu yake aliyekuwa karibu, akanyoosha mkono na kipande chake, akamwekea mdomoni.

Mfalme akafumba midomo. Mosidi akasukuma. Maji ya boga yakamtiririka mzee kwenye ndevu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Uma, Mfalme!" Mara uwanja wote ukapasuka: "Uma! Uma, Marumo! Uma, baba yetu!" Wanaume wazima walikuwa wanalia. Mosidi akashangilia kelele zile, akazidi kusukuma, na yule mzee amekaza meno, shingo imemtoka mishipa, hakufungua. Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Macho yake yalikuwa yananiomba nimwokoe.

Mosidi alichoka. Akaanza ile sauti yake ya mlango. Kipande kikamtoka mkononi, kikaanguka vumbini.

Nikakiokota. Nikakifuta kwenye nguo. Kilikuwa kigumu na mtoto hana nguvu za kukitafuna, kwa hiyo nikafanya kama ninavyofanya kila siku tangu mahindi ya Malkia: nikauma, nikatafuna kilainike ili nimtie mdomoni.

Nilipoinua uso watu wote walikuwa wananitazama kinywa.

Ningetaka kuandika kwamba nilikitema chote kwa Mosidi. Si kweli. Utamu ulinishuka kooni na nikameza. Nilimeza, Mungu wangu, na nikataka tena. Kilichobaki ndicho nilichompa mtoto.

Mama mkwe alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Lekoko akasema, "Mkwe!" kama mtu anayetaja ugonjwa. "Mke wa kuja! Ameuma kabla ya Mfalme! Huyu si mtoto, huyu anajua!" Wengine wakapokea: "Amemuua! Amemuua mzee mchana!" Oteng aliwasukuma akaja akasimama mbele yangu. Alisimama tu, amefungua mikono.

Ndipo mfalme akainuka. Ilimchukua muda. Akasema, "Nyamazeni. Amefanya nini? Amemtafunia mtoto. Nimekuwa nikitafuta njia ya kuwafanyia ninyi hivyo tangu sotoka, nimeikosa. Zamu imekwisha, hakuna tena wa kumtangulia wala wa kutanguliwa. Kuleni."

Bado walisita. Aliyesogea kwanza ni Seabe. Alikuja na wanawe wote, akanyakua vipande, akawagawia, akauma cha kwake huku ananikazia macho, kama anaweka jina lake kando ya langu. Kisha wengine. Kisha uwanja wote, mikono kila mahali, na sauti ya meno.

Mfalme aliuma mwisho. Walimwachia ganda lenye nyama kidogo. Aliliuma, akajifunika uso kwa vazi lake la ngozi, akabaki hivyo.

Februari 3

Moshi unatoka katika kila ua. Mji wote unanuka boga. Watoto wanacheza, sikumbuki mara ya mwisho niliposikia watoto wakicheza.

Mfalme ameamka na homa. Amelala, hainuki.

Februari 5

Bado amelala. Wanaopita mlangoni kwangu wanasalimia bila kunitazama. Mama mkwe hajanisemesha tangu uwanjani, akitaka kitu anasema "wewe" na kuonyesha kidole. Mosidi amekula bakuli zima mpaka tumbo limesimama, na nimeona haya kufurahi. Lakini nimefurahi.

Februari 7

Oteng amekaa na baba yake tangu jana, anamkanda kwa maji. Anasema mzee alikuwa anakula kidogo mno tangu Desemba, hata majani alikuwa anawapa watoto wa jirani, na hiyo homa ni ya mwili uliochoka. Bibi Mwalimu naye kasema hivyo hivyo. Najaribu kuwaamini. Darasani ningewaamini mara moja.

Seabe alipita na ungo wa maharage mabichi. Akauweka mlangoni, akasema, "Wakikuuliza, sema mimi ndiye niliyekusukuma."

"Hukunisukuma, Seabe."

"Najua. Lakini mimi nimezoea kusemwa, wewe unaonekana utakufa nalo. Pika, usikae ukiyatazama kama wageni."

Nimeyapika. Na boga nimelipika pia, nimempelekea mama mkwe bakuli kwa ajili ya mgonjwa. Alilipokea, akaingia nalo ndani.

Nimejaribu kumwombea mzee apone, nikajikuta naomba apone ili mimi nisisemwe. Nikaacha, nikaanza upya. Mara ya tatu nadhani nilimwombea yeye. Mosidi amekaa mguuni kwangu, anaimba maneno ambayo hayapo, mashavu yamerudi. Nikimtazama siwezi kujuta, na nikiutazama mlango wa mzee siwezi kuacha kujuta, na sijui mtu anaishije na yote mawili, ila nadhani yeye mwenyewe mzee anajua, akipona nitamuuliza. Mosidi akikua watamwambia mama yako ndiye aliyemtangulia mfalme, na mimi nitamwambia ukweli, kwamba siku hiyo ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilipokunyanyua niliona

Mama mkwe anaita. Anaita jina langu! "Mama Mosidi! Wewe Mama Mosidi, acha hizo karatasi! Mzee ameketi, amemaliza bakuli, anagomba kwamba boga halina chumvi, anasema aliyetangulia kula angetangulia na kuonja! Lete chumvi, na lete lililobaki!"

Nakuja, Mama, nakuja. Chumvi jamani nimeiweka wapi, ilikuwa hapa juu ya